Uzi Mwekundu wa Bi Buku

Hapo zamani za kale, kale yenyewe, siyo hii ya juzi ya babu zenu, wakati Kobe bado anamshinda Duma mbio na mwaka una miezi kumi na nne, alikuwepo Bi Buku. Panya buku yule. Mwili mdogo, mashavu sasa! Shavu moja lilibeba magunia mia, la pili mia na debe juu.

Bi Buku na watoto wake sita walikaa kwenye ghala bovu la Fisi. Fisi ndiye alikuwa na duka, na pori zima duka lilikuwa hilo hilo. Gunia la mahindi ananunua shilingi kumi, anawauzia wenzake kumi na tano.

Siku moja akaja, akapiga mlango teke. Pu!

"Wewe mashavu, hama. Nataka kuweka chumvi humu."

"Niende wapi na watoto, Bwana Fisi, na masika hayo yanakuja? Niache nifungue duka humu humu."

Fisi akacheka mpaka akakaa chini. "Duka, wewe? Utauza bei gani?"

"Bei niliyonunulia. Nimenunua kumi, nauza kumi."

"Bila faida?"

"Bila hata senti. Duka likifa kabla ya masika, nahama, wanangu wakalowe. Masika yakinikuta nauza, ghala ni langu."

Fisi akakimbia kumwita Nyati awe shahidi, mama yule asije akabadili mawazo.

Bi Buku hakuwa na gunia hata moja. Lakini alishaamua: hapa hatoki. Akamweka Nungunungu mlangoni na donge la uzi mwekundu.

"Shemeji, haingii mtu bila uzi mkiani. Uzi shilingi tano, unakaa mwaka mzima. Hata aje mama yako mzazi."

"Akija Tembo je?"

"Kwani hiyo miiba umeota ya nini?"

Wa kwanza kufika ni Nyati. "Yaani nilipe kuingia dukani? Kwa Fisi naingia bure."

"Na unatoka unalia," akasema Nungunungu. "Humu gunia ni kumi, mzee. Ukinunua moja tu, tano yako imesharudi."

Nyati akapiga hesabu kwa kwato, akarudia, akageuza mkia. "Haya, funga."

Siku mbili tu, mikia mia nne. Bi Buku akabeba pesa zile mpaka soko la ng'ambo ya mlima, akarudi mashavu yamejaa magunia mia mbili ya mahindi na chumvi, akayauza bei ile ile.

Nyati peke yake akanunua chumvi magunia saba.

"Baba Tandu," mke wake akamuuliza, "chumvi yote hii tunaila lini?"

"Nyamaza, mama. Narudisha tano yangu."

Na kwa Fisi hakukanyaga tena. Hakuna aliyekanyaga. Uzi unao mkiani, uende kwa Fisi una wazimu? Buibui wakajenga mpaka kwenye mizani.

Fisi akawaza: huyu anauza bila faida. Tukinunua kila kitu, atabaki na nini? Akaita ukoo wake, fisi mia tisa kutoka milima saba.

"Uzi kwanza," akasema Nungunungu.

Fisi akasaga meno, krr krr, akauza hata mizani yake, akawalipia wote. Wakaingia wakanunua, wakazoa, hawakuacha punje.

"Mama, tunahama?" watoto wakauliza.

"Hakuna anayehama hapa. Nipisheni niwahi sokoni."

Asubuhi ghala limejaa. Fisi wakazoa. Likajaa. Wakazoa. Likajaa tena mpaka mahindi yanatokea dirishani.

Mara, tii. Tone la kwanza. Masika hayo.

Fisi akaja, amelowa, mbavu zinahesabika, na Nyati nyuma yake. Nyumbani ana mlima wa mahindi na hana wa kumuuzia.

"Ghala ni lako, nimeshindwa. Ila niambie, mama. Huna faida hata senti. Unakula nini?"

Bi Buku akafungua shavu. Chwaaa! Shilingi zikamwagika mpaka zikamfika Nyati magotini.

"Zako hizi, Bwana Fisi, wewe na ukoo wako. Mahindi nilikuwa nayapitisha tu. Nilichouza ni mlango."

Nyati akautazama mkia wake.

Mvua ikakaza. Fisi akasogea mlangoni ajikinge. Nungunungu akaunyanyua mkia wa Fisi, akauchungulia uzi.

"Huu mwakani unaisha, mzee. Anza kutafuta tano."

Basi wanangu, mtu akikwambia hapati faida kwenye bidhaa, muulize kwanza umemlipa nini mlangoni.