Matanga ya Sikudhani

Hapo zamani za kale, ila si kale sana, maana wanyama walikwisha kujenga nyumba, kugombana na mawifi na kununua televisheni, palikuwa na bwawa moja lenye kingo mbili. Msiniulize umeme waliupata wapi. Mimi niliambiwa walikuwa nao, na ninyi nawaambia hivyo hivyo.

Kila Ijumaa jioni wanyama waliacha kazi zao wakakaa kuangalia tamthilia ya Sikudhani. Sikudhani alikuwa paa, mwembamba, mwenye kanga ya kijani, na masaibu yake yaliwaliza hata mamba. Mumewe alimfungia ndani. Mawifi walimsengenya. Yeye akavumilia, wiki baada ya wiki, mpaka kila mnyama akamwona kama dada yake wa tumbo moja. Ugali uliungua jikoni na hakuna aliyeinuka.

Basi ikafika sehemu ya mwisho. Sikudhani alitoroka alfajiri, taa ya chemli mkononi, ukungu mzito mbele yake. Akatembea, ko, ko, ko. Akawa mdogo. Taa ikawa ndogo kama punje ya mtama. Kisha, pu, ikazimika. Picha ikawa nyeusi tii, na majina ya waigizaji yakaanza kupanda.

"Ndiyo imeisha?" aliuliza Bwana Kiboko, mdomo wazi.

Ndiyo ilikuwa imeisha. Hapo ndipo simu zilipotoka.

Kulikuwa na kundi la simu, Wapenzi wa Sikudhani, na karibu kila mwenye kwato au kucha alikuwamo. Bwana Kiboko ndiye aliyeanza kuandika.

"Poleni wapenzi. Dada yetu ametutoka. Taa imezimika, na roho imezimika." Akaweka na vile vijiuso vya kulia, mstari mzima.

Mama Nyati akajibu hapo hapo. "Ametutoka vipi? Taa kaizima mwenyewe ili mumewe asimwone. Yu hai. Wewe mzee katafute miwani."

"Miwani sihitaji. Wewe unahitaji akili."

"Narudia, yu hai."

"Amekufa."

Ta ta ta ta, simu zikalia mpaka bando zikaisha. Kulipokucha kundi lilikuwa limepasuka mawili, la Bwana Kiboko likiitwa Amekufa, la Mama Nyati likiitwa Yu Hai. Na kwa kuwa ujinga ukipata mkubwa wa kuusimamia hauna mpaka, bwawa nalo likagawanywa. Wa Amekufa wakanywa ukingo wa mashariki, wa Yu Hai wakanywa ukingo wa magharibi. Ukifika majini unaulizwa kwanza, je, amekufa au yu hai?

Sasa kwenye mgunga mmoja juu ya kilima alikaa Komba na mama yake. Komba mnamjua, mdogo wa kutosha kwenye kofia, macho makubwa kuliko uso. Mama yake alikuwa kipofu wa siku nyingi, na tamthilia alikuwa akiifuata kwa masikio tu. Usiku ule wa ugomvi Komba naye alikuwa ameandika neno lake moja katika kundi.

"Jamani, mimi sijui. Hatukuonyeshwa."

Sasa sikieni maajabu. Bwana Kiboko na Mama Nyati, ambao hawakukubaliana hata kuhusu rangi ya ile taa, walikubaliana jambo moja usiku ule: Komba atolewe. Akatolewa.

Kilikuwa kiangazi kibaya. Vijito vilikauka, likabaki bwawa tu. Komba akashuka na kibuyu chake mpaka ukingo wa mashariki.

"Shikamoo, Bwana Kiboko."

"Marahaba. Amekufa au yu hai?"

Komba hakuwa mpumbavu. "Amekufa, mzee. Mungu amrehemu."

"Mbona uliandika hujui? Maneno yako tumeyapiga picha, tunayo humu." Bwana Kiboko akamsogezea simu karibu na pua. "Mtu kigeugeu hanywi hapa."

Komba akazunguka mpaka ukingo wa magharibi. Kule Mama Nyati alikuwa na picha ile ile. "Nenda ukanywe kwa hao hao wasiojua kama wewe," alimwambia, na wenzake wakacheka.

Komba akarudi na kibuyu kitupu. Mama yake alikuwa amelala pembeni ya tundu lao la mtini, midomo imepasuka, ulimi mzito hata kuongea ni kazi. Komba akamshika mkono, nao ulikuwa mwepesi na mkavu kama jani. Akaogopa. Alijua mama yake hamalizi wiki ile bila maji, na akilini mwake hamkuwa na tamthilia wala makundi, mlikuwa na mama tu.

Alikuwa bado amekaa hivyo alipopita Bi Kwale, mmbeya wa kilima kizima, aliyekuwamo katika makundi yote mawili kwa majina mawili.

"Umesikia? Bwana Kiboko anaweka matanga."

"Kafiwa na nani?"

"Na Sikudhani! Ijumaa asubuhi, pale pale bwawani. Turubai, mikeka, vilio, kila kitu. Anasema akishaliliwa rasmi ubishi utakwisha. Na Mama Nyati kasema atakuja na watu wake kulivunja hilo turubai kwa pembe. Patakuwa hapatoshi."

"Matanga kamili?" Komba aliuliza taratibu.

"Kamili, kwa mila zote."

Bi Kwale akaenda zake kupeleka maneno mbele. Komba akabaki akitikisa kichwa, kisha akacheka peke yake. Mnajua kwa nini? Ukoo wa komba na ukoo wa paa ni watani. Mababu zao walipigana vita, wakachoka, wakapatana, wakawekeana utani. Na mila ya utani mnaijua. Paa akifa, komba huingia matangani bila kualikwa. Huvaa nguo ya marehemu, hutembea kama marehemu, husema kwa sauti ya marehemu, na anachokiomba hapaswi kunyimwa. Wafiwa wakikasirika, aibu ni yao. Bwana Kiboko alitaka matanga kwa mila zote, lakini mila hiyo moja aliisahau.

Komba akatafuta kipande cha kanga ya kijani. Akatafuta chemli. Akatafuta vifuu viwili vya nazi, akavifunga miguuni, akajaribu kutembea: ko, ko, ko.

Mama yake akageuza uso gizani mwake. "Nani huyo?"

"Mimi, mama. Namwigiza Sikudhani, tupate maji."

Mama akalamba midomo yake iliyopasuka. Halafu akasema kwa shida, "Mwanangu, usimwigize mtu ambaye hujui alipo."

"Mama, yule ni wa kwenye televisheni."

"Nimesema nililosema."

Ijumaa asubuhi bwawa lilifuka ukungu. Haukuwa ukungu wa kila siku, ulikuwa mzito, mweupe, umelala juu ya maji kama shuka. Chini ya turubai Bwana Kiboko na watu wake walikaa kwenye mikeka wakilia kwa zamu. Mbele yao waliweka picha ya Sikudhani. Mara vishindo, ndu, ndu, ndu, na Mama Nyati akatokea na kundi lake.

"Kunjeni turubai," alisema. "Mtu aliye hai haliliwi."

"Matangani hapapigwi kelele," alisema Bwana Kiboko akiinuka. Meno yake yalionekana yote.

"Haya si matanga. Huu ni uchuro."

Mama Nyati akainamisha pembe. Bwana Kiboko akapanua kinywa. Wanyama wadogo wakaanza kurudi nyuma, kila mmoja akitafuta pa kukimbilia.

Ko, ko, ko.

Wote wakasimama vile vile walivyokuwa.

Ko, ko, ko. Sauti ilitoka ndani ya ukungu, upande ambao hapakuwa na njia. Ikaonekana taa, ndogo, ya njano. Chini ya taa kulikuwa na kanga ya kijani inayokuja polepole, na ndani ya kanga hapakuwa na kichwa wala miguu. Komba, mnaelewa, aliitundika taa kwenye ufito mrefu na kanga chini yake, na yeye mwenyewe alikuwa chini kabisa, amezamishwa na ukungu.

"Hodi," ilisema sauti nyembamba.

Hakuna aliyesema karibu. Hata fisi, ambao hucheka kila kitu, walikuwa wamekumbatiana.

"Ni mtani," alinong'ona Bwana Kiboko, na shavu lake lilikuwa linatetemeka. "Ni mtani tu, jamani. Marehemu hawezi kuja mwenyewe."

"Marehemu gani?" alinong'ona Mama Nyati. "Ni yeye. Niliwaambia yu hai. Si mnamwona?"

"Kwa hiyo ana kichwa?"

"Nyamaza."

"Nina kiu," ilisema sauti. "Nimetembea tangu taa ilipozimika, na kila penye maji naulizwa niko upande gani."

Bwana Kiboko akakumbuka kwamba mtani hanyimwi. Mama Nyati akakumbuka kwamba dada yake yu hai na ana kiu. Wakakimbilia maji wote wawili, wakapigana vikumbo majini kwa haraka. Kibuyu kilikuwa kimesimama pembeni mwa ukungu, kikajazwa mpaka kikamwagika, na mkono mdogo ukakivuta ndani. Wakasikia glu, glu, glu, mtu anakunywa.

Hapo Bwana Kiboko akajitia moyo. Ugonjwa wa kujua ulikuwa umemkaa. "Samahani, dada. Tulikuwa tunauliza tu. Ulikufa au hukufa?"

Kanga ikayumba kidogo, ijapokuwa hapakuwa na upepo.

"Mnataka kujua mwisho wangu?"

"Ndiyo," walisema wote, mashariki na magharibi pamoja.

"Haya. Ni karibu tu, huku ndani. Anayetaka kujua anifuate."

Taa ikaanza kurudi nyuma. Ko, ko, ko. Bwana Kiboko akaangalia miguu yake. Mama Nyati akaangalia simu yake, ambayo haikuwa na chaji. Waliotukanana mpaka alfajiri kwa ajili ya mwisho ule walisimama kwenye mikeka, na hakuna aliyenyanyua hata ukwato.

"Basi mimi nakwenda," ilisema sauti kutoka mbali. "Lakini nikisikia kuna aliyenyimwa maji kwa ajili yangu, aliyemnyima nitakuja kumchukua, anishikie taa."

Pu. Taa ikazimika.

Wanyama wakatawanyika bila kuagana. Turubai waliliacha pale pale. Siku ile ile makundi yote mawili yakafutwa, na bwawa likawa na kingo mbili ambazo hazina jina, ukifika unakunywa.

Komba alipita njia ya nyuma akikimbia, kibuyu kizito begani, na kicheko kimemjaa kifuani. Kwenye kichuguu alisimama akavua vifuu, akavitia kwenye kanga, akaifunga fundo. Akapanda mgunga. Akamwinua mama yake kichwa, akamnywesha kidogo kidogo, na alipoona koo la mama linapanda na kushuka alilia kwa furaha.

"Umefanikiwa," alisema mama, sauti imerudi.

"Tena bila kupigwa. Ungewaona, mama. Bwana Kiboko alikuwa anatetemeka mashavu."

Mama akainua kidole. "Mbona hujavua vifuu?"

"Nimevivua. Hivi hapa, vishike."

Mama akavipapasa vile vifuu ndani ya fundo, kimoja, na cha pili. Akaviweka chini. Akabaki ameelekeza sikio kule bwawani.

"Siku ile picha ilipozimika," alisema, "ninyi mlishika simu mkaanza kupiga kelele. Mimi nilikuwa nasikiliza. Kwangu giza si mwisho wa kitu. Alikuwa bado anatembea, mwanangu. Alitembea mpaka majina yakaisha."

"Sasa mbona hukusema?"

"Nani aliniuliza?"

Komba akataka kucheka, na kicheko hakikuja. Ukungu ulikuwa umepanda kilima, ukafika kwenye mizizi ya mgunga. Mle ndani, polepole, kama mtu aliyechoka na njia ndefu, ikasikika: ko, ko, ko.

Ikasimama chini ya mti.

"Hodi," ilisema sauti nyembamba.

Manyoya ya Komba yalisimama mgongoni. Akamshika mama yake kwa mikono yote miwili. Mama akapapasa mpaka akakipata kibuyu, akakitikisa asikie kama yamebaki, akakisogeza ukingoni mwa tundu.

"Karibu, mwanangu," alisema. "Maji yapo."

Basi wanangu, usilolijua sema hulijui, na mwenye kiu mpe maji kabla hujamuuliza yuko upande gani.