Hodi ya Pimbi

Paukwa!
Pakawa!
Hodi kwenu, wakubwa kwa wadogo!
Karibu!
Mmenikaribisha, basi naingia.

Zamani sana, kwenye mlima wa mawe, waliishi majirani wawili. Juu mapangoni, Pimbi na jamaa zake. Chini nyasini, Mama Kanga na mayai yake saba. Kati yao palikuwa na mstari wa miiba. Ukifika mstarini, unasimama. Unapiga hodi. Ukijibiwa, unaingia. Usipojibiwa, unarudi zako.

Siku moja Pimbi akachoka kusimama.

"Dada, sisi si ndugu? Hodi ya nini kila siku? Au unaficha chakula?"

Mama Kanga akaona haya kuitwa mchoyo. "Haya, iondoe miiba."

Pimbi akaiburuta miiba, kwaru, kwaru, kwaru, akaitupa bondeni. Wakacheka sana. Tangu hapo Pimbi akawa anaingia, anatoka, anaingia, anatoka, nyasi zinalia chakacha! chakacha! Mama Kanga hakuinua tena kichwa.

Asubuhi moja alikuwa anaparura mbegu, mgongo kageuzia kiota. Nyasi zikalia. Chakacha!

"Pita tu, jirani."

Alipogeuka, mayai yalikuwa matano. Mkia wa Swila, yule nyoka mwenye sumu, ulikuwa unaishilia majanini.

Mama Kanga akapanda mapangoni. Hakutukana.

"Nilidhani ni wewe, nikamkaribisha Swila. Nirudishie mpaka wangu, jirani. Watoto wangu wataisha."

Pimbi akainama. "Nisamehe, dada. Nilidhani mpaka ni chuki."

Akashuka bondeni. Akaibeba miiba kwa meno, mmoja mmoja, akaipanga tena mstarini, midomo ikatoka damu.

Siku ya tatu nyasi zikalia. Chakacha! Hodi hakuna. Mama Kanga akaruka. "Kekeke! Kekeke!" Pimbi na jamaa zake wakatoka, wakapiga mbinja, fyuu! fyuu! Wakaporomosha mawe, pu! pu! pu! Swila akakimbia, wala hakuonekana tena.

Mayai yote matano yakaanguliwa. Pimbi akaja kuwaona watoto. Akasimama kwenye miiba.

"Hodi!"

"Karibu, jirani! Na asante."

"Asante ya nini, dada? Si mimi niliyekosa?"

"Asante kwa kusimama kwanza. Ukisimama, najua ni wewe."

Wenzangu, mpaka mwema haumfukuzi jirani. Unatuwezesha kumjua. Basi tumshukuru kila anayesimama mlangoni petu akangoja kujibiwa.

Hadithi yangu nayo imefika mpakani pake. Nami nasimama hapo.