Pete ya Stesheni ya Kasumbwe

Tegeni masikio, wakubwa kwa wadogo. Hadithi hii nimeibeba hadi mahali fulani nikashindwa kuitua. Nitawaonyesha nilipoishia, kisha mzigo utakuwa wenu.

Palikuwa na watu watatu. Wa kwanza ni Mihayo, fundi seremala, aliyejaliwa jicho la vipimo: ubao ukipungua unene wa ukucha, aliuona kabla ya kuushika. Wa pili ni dada yake, Kashindye, mwandika mabango, aliyejaliwa mkono wa rangi: kitu kipya akitaka kionekane kimezeeka, kilizeeka siku hiyo hiyo. Wa tatu, Mzee Kibwana, hakuwa ndugu yao. Alikuwa Mzaramo aliyeishi kwa Wanyamwezi, kwa hiyo mtani, na kwa miaka ishirini alikuwa akigeuza njia za treni katika stesheni ya Kasumbwe. Yeye alijaliwa kumbukumbu, na mdomo usioogopa nyumba ya mtu.

Mbele yao aliketi Bi. Milembe, mama wa wale wawili, ameshika pete ya shaba yenye upana wa sahani. Arobaini ya mumewe, Mzee Lubinza, ilikuwa kesho yake, na kabla ya hapo pete ilipaswa kumpata mwenyewe. Mwenyewe ni nani, hilo ndilo lililomnyima mama yule usingizi.

Tuyafuate mambo kwa mpangilio wake.

Mzee Lubinza alikuwa stesheni masta wa Kasumbwe, ambako reli ilikuwa ya njia moja. Dereva hakuruhusiwa kuondoka stesheni mpaka akabidhiwe pete ile mkononi. Pete moja, treni moja. Hivyo treni mbili hazikuweza kukutana uso kwa uso. Siku moja, pete ikiwa mkononi mwake na treni ikisubiriwa, aliletewa habari kutoka kota za wafanyakazi kwamba binti yake wa kwanza, Nyanzala, mwenye miaka sita, homa imempanda na anamwita.

"Kibwana, nishikie pete," alisema.

"Kanuni imekukabidhi wewe pete, stesheni masta, si mimi," Kibwana alijibu. "Mimi kazi yangu ni kugeuza njia."

Lubinza hakuweza kuiacha pete, na treni ilichelewa saa mbili. Lubinza alipofika nyumbani, mtoto alikuwa amekwisha kufunikwa shuka. Bi. Milembe, aliyempakata hadi pumzi ya mwisho, hakumlaumu mumewe. Alinyamaza tu, naye mumewe akanyamaza. Kwa miaka thelathini na mmoja jina la Nyanzala halikutamkwa katika nyumba ile. Mihayo na Kashindye, waliozaliwa baadaye, walilijua kwa kunong'onezwa na majirani.

Reli ikafungwa, pete ikabaki kwa Lubinza. Stesheni ikabomolewa. Kisha kiharusi kikamlaza mzee na kuufunga ulimi wake. Miaka miwili alilala uso umeelekea ukutani.

"Ningesikia neno lake moja tu kabla hajaondoka," Bi. Milembe aliwaambia wanawe, "ningeridhika."

Ndipo Mihayo alipokwenda Kasumbwe na futi yake. Alipima misingi iliyobaki chini ya nyasi, akachukua na picha ya zamani ya stesheni, akaazimia kwamba kila mita ya kweli iwe sentimita moja. Kwa mbao laini, kadibodi na vijiti vya kiberiti alijenga jengo la stesheni, ghala la mizigo, tangi la maji juu ya miguu yake minne, na kota sita mgongo kwa mgongo. Alitandika reli, akaweka treni ya kuchezea iendayo kwa betri. Miezi mitatu ilipotimia aliiweka kazi yake juu ya meza kando ya kitanda. Baba yake aliitazama kidogo, akageukia ukutani.

"Umemjengea baba duka la majeneza," Kashindye alisema. "Kila kitu kinang'aa. Hebu nipishe, kaka."

Yeye alisaga mkaa akaupaka penye moshi wa injini. Alilowesha misumari katika siki akapata kutu, akaitiririsha kwenye tangi pale lilipokuwa likivuja. Chokaa ya kuta aliikwangua chini, kimo cha mgongo wa mbuzi, pale mbuzi walipokuwa wakijisugua. Wiki tano. Safari hii baba yao aligeuka, akanyoosha kidole, akagusa masizi yale. Machozi yalimtoka. Neno halikutoka.

Hapo Mzee Kibwana alikuja kumjulia hali, akaizunguka ile meza mara mbili, akacheka.

"Fundi, hii picha uliyoifuata ilipigwa siku ya ukaguzi."

"Umejuaje, mzee?"

"Kwa sababu hamna mtu wala kitu. Siku ya ukaguzi tulificha kila kitu, hata kuku. Mmejenga Kasumbwe ya wakubwa wa reli. Huyu Mnyamwezi wenu hajawahi kuishi hapo."

Aliketi siku mbili akichonga. Aliweka kiti kilichovunjika mguu penye kivuli cha ghala, magunia ya karanga, kuku watatu. Mwisho akatoa mfukoni kisanamu kirefu kama punje ya mahindi, cha msichana aliyebeba bakuli, akakisimamisha chini ya tangi, mahali ambapo Nyanzala alizoea kumngoja baba yake na chakula cha mchana. Mihayo aliushika mkono wa Kibwana kumzuia. Hakuna ndugu ambaye angethubutu, mtani alithubutu.

"Stesheni masta," Kibwana alisema, akiiwasha treni, "umechelewa tena. Mtoto anasubiri."

Mzee Lubinza alitazama. Mkono wake uliinuka, ukashuka juu ya injini ndogo, ukaizuia.

"Treni isubiri," alisema. "Nakuja, Nyanzala."

Kisha akamtafuta mkewe kwa macho. "Pete, Milembe. Ni moja. Mpe mmoja. Yule aliyenifikisha."

Siku ya tatu alifariki.

Sasa wote watatu walikuwa mbele ya mjane.

"Mama, bila kuta zangu, Nyanzala angesimama wapi?" Mihayo aliuliza.

"Kuta zako aliziona akazipa kisogo," Kashindye alijibu. "Masizi yangu ndiyo yaliyomgeuza."

Mzee Kibwana, ambaye hakukosa utani hata misibani, safari hii hakutania. "Shemeji," alisema, "pete hii niliikataa mara moja. Nikipewa leo, sitaikataa tena."

Bi. Milembe aliwatazama mmoja mmoja. Alimkumbuka aliyejenga mahali, aliyerudisha miaka, na aliyemrudisha mtoto lakini pia ndiye aliyemzuia baba kumwahi. Alinyoosha mkono wenye pete, nao ukabaki hewani.

Hapo ndipo niliposhindwa kuitua. Ninyi mliosikiliza, amueni: pete mngemkabidhi nani? Na wale wawili watakaoondoka mikono mitupu, mngewaambia nini?