Emelyne na Mchele wa Sibwesa

Kitu kilicho mvunguni hakimfuati mtu aliyesimama. Anayekihitaji hana budi kupinda mgongo, hata apige magoti ikibidi, japo amevaa nguo ya sikukuu. Methali hiyo Emelyne aliijua tangu shule ya msingi, lakini ilimchukua msimu mzima wa mpunga kuielewa.

Emelyne alikuwa ofisa masoko wa kampuni ndogo ya matangazo mjini Mpanda. Wafanyakazi walikuwa wawili tu, yeye na mwenye kampuni, Apolinari. Mwaka ule wateja waliwapungua kama maji ya kijito wakati wa kiangazi, likabaki tumaini moja. Mfanyabiashara wa Kigoma alitaka mchele wa kijiji cha Sibwesa, uliofungashwa vizuri na wenye jina la wakulima wenyewe. Kampuni ingewatengenezea wakulima chapa na tangazo la redio, ilimradi kikundi cha wanawake wa huko kiridhie. Kisiporidhia, ofisi ingefungwa.

Emelyne alikwenda Sibwesa na suti iliyonyooka na kompyuta yake. Alizungumza kwa ufasaha, na wanawake wakamsikiliza hadi mwisho. Kiongozi wao, Nyanzala, mama wa Kisukuma mwenye sauti ya upole na msimamo mgumu kama mpingo, ndiye aliyemjibu.

“Mwanangu, umesema vizuri. Hata aliyekutangulia alisema vizuri. Alitupiga picha, akazibandika kwenye mifuko ya mchele wenye mawe. Watu wakatulaani sokoni kwa mchele ambao hatukuulima.”

“Sisi si kama yeye, mayu,” alisema Emelyne, akimwita mama kwa Kisukuma.

“Huenda. Lakini nyie hatuwajui.”

Emelyne alirudi Mpanda akiwa mnyonge kama kuku aliyenyeshewa. Apolinari alishusha pumzi. “Tuachane nao. Tutafute wengine.”

“Nipe msimu huu, kaka.”

“Wakikataa tena?”

“Nitarudi tena.”

Aliporudi hakuna aliyekuja kikaoni, kwani ilikuwa siku ya kupandikiza na wanawake wote walikuwa majarubani, migongo imepinda, miche mikononi. Emelyne alisimama juu ya tuta akiutazama ule udongo mweusi. Alikulia katika udongo kama huo. Baba yake, mzee Venant, alijinyima ili amsomeshe, na siku alipoingia chuoni Emelyne aliapa kwamba miguu yake haitakanyaga tope tena. Alikikumbuka kiapo hicho. Kisha akavua viatu.

“Dada, utachafuka,” alisema Prisila, mwanamke aliyekuwa karibu na tuta.

“Nitafua.”

Akafunga kitenge na kuingia. Vidole vilikuwa vimesahau kazi; miche yake ya kwanza ilielea juu ya maji, na wanawake wakacheka. Prisila akamwelekeza upya namna ya kuikita. Kufikia mchana kiuno kilimwaka moto. Walikula pamoja ugali na dagaa tutani, huku Nyanzala akisubiri kusikia habari za mkataba. Hakusikia neno.

Tangu hapo Emelyne alikwenda kila alipopata nafasi. Alipalilia, akafukuza ndege. Prisila alipofiwa na mama yake, Emelyne alikesha msibani, akachota maji na kuosha masufuria pamoja na wenyeji.

Mpunga ulipoanza kuiva, Nyanzala mwenyewe ndiye aliyeuliza, “Lile tangazo lenu lilisemaje?”

Emelyne akawasomea. Alipofika mahali palipoandikwa “mchele bora kuliko wote Katavi”, Nyanzala aliinua mkono.

“Hapo paondoe. Majirani zetu nao wanalima. Tusiwatukane redioni.”

Emelyne alimpigia Apolinari palepale, wote wakisikia.

“Ukiondoa sentensi hiyo, tangazo halina chumvi,” Apolinari alilalamika.

“Chumvi wataitia wenyewe, kaka. Jina ni lao.”

Apolinari alikubali. “Haya. Ondoa.”

Nyanzala aliwatazama wenzake mmoja mmoja, kisha akamgeukia Emelyne. “Yule wa kwanza hakutuuliza lolote. Wewe umeingia tope letu, umelia msiba wetu, na leo umetusikiliza. Tutafanya kazi na nyie.”

Emelyne alipiga goti, akamshukuru. Prisila alimshika bega, akacheka taratibu.

Mchele ulikwenda Kigoma ukiwa na jina la kikundi, safi, bila chembe ya jiwe, na mfanyabiashara yule akaagiza mwingine. Habari zilienea kama moto wa nyikani. Siku moja ujumbe wa kikundi kingine cha wakulima ulifika ofisini kuomba msaada. Apolinari aliharakisha kufungua kompyuta awaonyeshe kazi zao, lakini Emelyne aliifunika polepole.

“Karibuni sana,” aliwaambia wageni. “Kwanza tuambieni, mnapandikiza lini?”

Apolinari aliitazama miguu yake iliyovaa viatu vinavyong’aa, akatabasamu. Alikwisha kuelewa: mtaka cha mvunguni sharti ainame.