Kiti Kimoja cha Kwenda Japani

Hapo zamani, zamani ile ya juzijuzi tu, watu walipokuwa wakikohoa kwanza ndipo wapokee simu ya mezani, Bukoba palikuwa na ofisi ya ushirika wa wakulima wa vanila. Katibu muhtasi alikuwa Kemilembe. Hajawahi kupanda ndege, ila alizijua zote kwa mlio.

Mwaka huo ghala lilijaa, na mnunuzi alipatikana mmoja tu, Bwana Hayama wa Japani. Naye alitaka mkataba uliosainiwa umfikie kwa faksi kabla hajafunga ofisi jioni ya kwao. Usipofika, ananunua kwingine, na wakulima wabaki kunusa mali yao.

Fundi Mwombeki alikuwa amewafungia mtambo mpya wa faksi. Sanduku lilikaa chumba cha nyuma, nyaya zikienda kwenye kompyuta zote. Unatuma ukurasa ukiwa mezani kwako. Sanduku linaupokea, linaupanga foleni, linapiga simu lenyewe, na mashine ya upande wa pili ikiitika, ukurasa unakwenda. Laini ikiwa na mtu, linasubiri, linapiga tena.

Kemilembe akaupitisha mkataba kwenye skana, akabonyeza. "Tayari, Ta Kamugisha," akamwambia meneja, kwa ile "Ta" ya heshima ya Wahaya. "Umekwenda."

Sasa ofisi ile ilikuwa na desturi yake: ukituma faksi, unapiga simu kuuliza kama imefika. Ta Kamugisha akanyanyua simu. "Halo, Mista Hayama! Imefika?" Haijafika. Akakata, akapiga. Haijafika. Akakata, akapiga, sauti juu, utadhani Japani ni ng'ambo ya mto Kagera.

Kemilembe akatazama kompyuta yake. Meneja akisema halo, kioo kinaandika laini ina mtu. Meneja akikata, sanduku linajiandaa kupiga, meneja keshapiga. Akamkimbilia fundi chumba cha nyuma.

"Mwombeki, simu ya meneja umeiunganisha wapi?"

"Si kwenye laini ileile? Tunayo moja tu, dada."

"Yesu wangu! Basi anayeuliza ndiye anayeziba!"

Ofisini meneja alikuwa anabembeleza: "Hayama ndugu yangu, vua koti! Kaa kidogo, mkeo atakuelewa!" Kemilembe akamwonyesha waya wa simu, meneja akamfukuza kwa kiganja. Basi akapiga magoti, akaingia chini ya meza ya bosi wake, akauchomoa.

"Kemilembe! Kazi huna!"

Chumba cha nyuma sanduku likapiga. Likaitikiwa. Kioo kikaandika: imepokelewa.

Kazi alirudishiwa kabla chai haijapoa, na vanila ikanunuliwa yote. Kisha ikaja faksi kutoka Japani, na mtambo ukaiweka kwenye kompyuta zote kwa mpigo, asipatikane wa kuificha: Bwana Hayama anamwalika kwao mtu mmoja, yule aliyemfikishia mkataba.

"Ni mimi," alisema Mwombeki. "Mtambo wangu hauchoki. Ile mashine ya zamani ingekataliwa mara moja, ikanyamaza. Huu ulipiga, ukapiga, mpaka ukaitikiwa."

"Ukauziba mwenyewe kwa simu uliyoichomeka wewe!" alidakia Ta Kamugisha. "Ni mimi. Hayama keshavaa koti, keshashika swichi ya mashine. Nani alimketisha? Mtambo wako ungempigia nani, mlinzi?"

"Ulimketisha asubiri faksi uliyoizuia," alisema Kemilembe. "Ni mimi. Bila mimi mngekuwa mnaitana halo mpaka leo. Niliiweka kazi yangu chini ya meza."

"Na nani aliniambia mkataba umekwenda, kumbe haujaenda?" aliuliza Ta Kamugisha.

Kemilembe alijizuia kucheka, ikashindikana. Wote watatu wakacheka, lakini hakuna aliyemwachia mwenzake.

Hadi ninapowasimulia, Kemilembe ameshapiga picha ya pasipoti, Mwombeki anajifunza kula kwa vijiti, Ta Kamugisha kanunua koti la baridi na analivaa Bukoba, jasho linamtoka. Na ndege ina kiti kimoja.

Haya, nyie mliokaa kimya mkinisikiliza: kiti hicho ni cha nani?