Joho Nyuma ya Mlango

Wapendwa, vijana wetu wa kwaya wananiazima vitabu vyao vya katuni vya Kimarekani, vile vya mashujaa wanaoruka kati ya nyota wakiwa wamevaa chupi juu ya suruali. Mnacheka. Nami nilicheka, mpaka nikafika kwenye kurasa za maadui wao, viumbe wanaomeza dunia nzima kama wewe unavyomeza kidonge. Kicheko kikaniishia. Basi leo nimetunga katuni yangu. Picha mtachora wenyewe vichwani.

Palikuwa na mji uliolindwa na Shujaa wa angani. Hakuna aliyewahi kuuona uso wake, maana alivaa kofia ya chuma, na joho jekundu ambalo ndilo lililompa nguvu. Hatari ikija, watu waligonga kengele ya mji, na Shujaa akatokea mawinguni. Walimpenda kweli kweli! Walimtungia nyimbo, wakawapa watoto wao jina lake.

Asubuhi moja jua likazibwa. Watu walipoinua macho, wakaona si wingu. Ni mkono. Jitu Mla-Nyota lilikuwa limewainamia, na sauti yake ilitikisa masufuria jikoni. "Nina njaa," likasema. "Lakini nipeni mtu mmoja tu, yeyote, mumlete uwanjani kwa mikono yenu, nami nitakwenda zangu."

Wakagonga kengele. Wakatazama juu. Shujaa hakuonekana. Wakagonga tena, na wako watu wazima waliojikojolea pale pale. Ndipo hofu ikaanza kuwanong'oneza: ni nani ambaye tukimtoa, hakuna atakayemlilia?

Mjini humo aliishi mama mmoja dobi, mgeni, anachechemea, hana mume wala ukoo. Walimkuta anakimbilia nyumbani kwake kutoka kufulia watu, povu la sabuni bado limo mikononi.

"Jamani, nipisheni," akasema akihema. "Niingie ndani mara moja tu, kuna kitu nichukue. Nitawasaidia."

"Utatusaidia nini wewe, na mguu huo?" mkuu wa mji akamjibu. "Unataka kutoroka."

"Baba, nakuomba. Mara moja tu!"

Wewe ungempisha? Usinijibu upesi. Mkono uko juu ya paa lako, wanao wanalia. Ungempisha?

Walimfunga kwa kamba yake mwenyewe ya kuanikia nguo, wakamburuta mpaka uwanjani. Mkono ukashuka, ukamchukua.

Kisha Jitu likacheka. "Katika ulimwengu mzima niliogopa mmoja tu," likasema, "na sikujua anakaa wapi. Ila niliwajua ninyi. Nilijua mtanitolea yule mnayemdharau, na nikajua huko ndiko alikojificha."

Mkuu wa mji akakimbia hadi nyumba ya dobi, akasukuma mlango. Nyuma ya mlango huo, kwenye msumari, limetundikwa joho jekundu, limefuliwa, bado linachuruzika maji. Nje jua halikurudi. Mkono ulikuwa unafunguka tena, taratibu, maana sasa Jitu halikuwa na haraka.

Wapendwa, naogopa. Nawaambieni wazi, mwenzenu naogopa. Siliogopi hilo jitu. Naogopa kwa sababu na sisi tuna kengele pale nje, tunaigonga kila Jumapili, tunaimba macho yakiwa juu. Na Bwana wetu alizaliwa zizini. Alipokuja hatukumjua, na watu waliomfunga kamba walikuwa watu wa dini kama sisi. Tunangoja ashuke na mawingu. Je, kama ameshafika? Kama ni yule binti wa kazi uliyemfukuza juzi, yule mgonjwa mliyemhamishia chumba cha nyuma ili wageni wasimwone?

Nendeni nyumbani. Mkikuta mtu mlangoni anaomba kuingia mara moja tu, mpisheni. Mpisheni kabla hamjaifikia kamba.