Muhuri wa Afande Mashimba

Kaa hapo chini, weka simu pembeni, usikie.

Echati, Mngazija anayesoma uuguzi Bongo, alifika mpakani saa tatu asubuhi. Dada yake alikuwa anaolewa saa saba ng'ambo ya pili, na nguo ya bibi harusi ilikuwa kwenye begi lake.

Afande Mashimba akamrudishia pasipoti. "Mwanafunzi wa kigeni havuki bila barua. Iwe na muhuri, iseme unasoma wapi na unarudi lini darasani. Haya, nani anafuata?"

"Afande, chuo kiko kilomita mia nne!"

"Kwani nilikijenga mimi?"

Foleni ikacheka. Echati akajifuta machozi ambayo hayakuwepo. "Sawa baba, narudi. Ila chuoni watasema nilikuwa nazurura. Niandikie basi, wajue nilikuwa kwa mtu mzima mwenye cheo chake."

Afande akavimba kichwa. Akachukua karatasi, Echati akawa anamtajia: chuo chake, masomo yake, na kwamba Jumatatu atakuwa darasani. Afande akasaini, akagonga muhuri, pwaa!

Echati akaupuliza wino ukakauka, kisha akairudisha karatasi dirishani pamoja na pasipoti. "Barua hii hapa, afande. Chuo kimo, siku imo, muhuri umo."

"We binti, huu si muhuri wangu huu?"

"Ndiyo huo. Kwani wako feki?"

Foleni nzima ikamgeuzia afande shingo.

Saa saba bibi harusi alikuwa ameshavaa. Sasa niambie, wewe ungekuwa Mashimba, ungeukana muhuri wako mbele ya watu wote wale?